Kloro bila jina: sumu tunayoiuza na kuinunua sisi wenyewe

KILIBULA, UVIRA. Leo nina neno gumu na nitalisema bila kuzunguka. Unga mweupe wa kloro unaopimwa kwa kijiko na kufungwa ndani ya kisashe cha plastiki, pamoja na maji ya javeli yanayotiwa ndani ya chupa za Fanta na chupa za maji ya kunywa, lazima viondoke katika masoko yetu. Vinaunguza watoto wetu, na vinawafanya watu wachukie dawa inayowaokoa na kolera.

Mtu asinielewe vibaya. Sisemi kloro iondolewe Uvira. Anayesema hivyo hajui mji huu, au hajawahi kubeba mgonjwa wa kolera usiku. Ninasema kloro isiyo na jina, isiyo na kipimo na isiyo na mwenyewe iondolewe. Tofauti hiyo ndiyo habari yote ya leo, basi mnivumilie mpaka mwisho.

Ni kitu gani hiki?

Unga huo kwa jina la kitaalamu unaitwa hipokloriti ya kalsiamu. Watu wa mashirika huuita HTH. Ni dawa ileile ambayo wenye pisini hutumia kuua vijidudu na kuzuia maji yasigeuke kijani, na ni hiyohiyo watu wa afya wanayotumia wakati wa kolera. Katika ndoo yake ya asili, unga huo una kloro asilimia 65 hadi 70. Javeli ya dukani, ile ya kufulia nguo nyeupe, ina asilimia chache tu. Basi kijiko cha unga na kijiko cha javeli havilingani hata kidogo, lakini sokoni vyote viwili vinaitwa "kloro", au "dawa ya maji", na muuzaji anakufundisha kipimo kimoja kwa vyote.

Kuna na kitu cha tatu. Ni vile vidonge vikubwa vyeupe vya pisini, vya duara, ambavyo mtoto anaweza kudhani ni peremende. Navyo vina kloro ndani, lakini ni ya aina nyingine kabisa, na havikutengenezwa kwa ajili ya maji ya kunywa. Vikichanganywa na unga wa HTH vikapata na unyevu kidogo, vinaweza kutoa gesi, kuwaka au hata kulipuka. Navyo sokoni vinaitwa "kloro".

Sasa chukueni kalamu tufanye hesabu pamoja. Bidoni ya lita 20 ya maji maangavu inahitaji kloro miligramu 40 hivi. Ndiyo sababu kidonge cha Aquatabs cha lita 20 ni kidogo namna ile. Ukitumia unga wa asilimia 70, unahitaji unga wa miligramu 57 tu, yaani punje chache zinazokaa kwenye ncha ya kisu. Hakuna mama anayeweza kupima hivyo kwa jicho. Hata mimi siwezi, hata daktari hawezi.

Lakini sokoni mama anaambiwa: "Mama, tia kijiko kimoja tu kwa bidoni, mikrobu yote itakufa." Kijiko cha chai cha unga huo kina gramu 5 hivi. Ndani ya lita 20, hiyo ni kloro miligramu 175 katika kila lita. Shirika la Afya Duniani, OMS, limeweka kikomo cha maji ya kunywa kuwa miligramu 5 kwa lita. Mama huyo amepita kikomo mara 35. Mnakumbuka yale maji ya kunawia mikono wakati wa Ebola, Agosti 2019, ugonjwa ulipofika Mwenga hapa hapa Kivu ya Kusini? Yale maji yana miligramu 500 kwa lita. Bidoni ya mama imefika theluthi ya nguvu yake, na kikombe cha kwanza anampa mtoto.

Mtoto anaonja, anatema. Akilazimishwa kumeza, tumbo linamuwaka na anatapika. Mama anaogopa, na ana haki ya kuogopa. Anamwaga yale maji, anatupa kile kisashe, na anawaambia majirani: "Ile dawa ni sumu, wanataka kutumaliza." Kesho yake wanawake kumi wanarudi ziwani na bidoni zao, wanachota, wanakunywa bila dawa yoyote. Hapo ndipo kolera inapowangoja. Muuzaji wa kisashe amepata franka zake chache, na avenyu nzima imepoteza imani kwa kitu kilichokuwa kinawalinda.

Njia inazopitia kutuumiza

Njia ya kwanza ni chupa. Chupa ya Fanta ina maana moja tu kwa mtoto wa miaka mitatu: kitu kitamu. Ukitia javeli au maji ya kloro kali ndani ya chupa hiyo na kuiweka chini ya meza, umemtegea mtego. Kloro kali inaunguza midomo, ulimi na njia ya chakula. Mara nyingine kidonda hicho kikipona huacha koo limebana, mtoto asiweze kumeza vizuri. Katika chumba kimoja cha kanisa ambamo familia nne zinalala, hakuna rafu ya juu, hakuna kabati ya kufunga. Chupa inakaa mahali mtoto anapokaa.

Njia ya pili ni kuchanganya. Watu hudhani dawa mbili zina nguvu kuliko moja, basi wanachanganya kloro na asidi ya kusafishia choo, au na maji ya batri, au hata na siki. Kloro ikikutana na asidi inatoa gesi. Ni gesi ya rangi ya manjano na kijani, nzito kuliko hewa mara mbili na nusu, kwa hiyo inatambaa chini, inajaa kwenye shimo, kwenye choo, kwenye chumba kisicho na dirisha, mahali mtoto anapotambaa na mzee anapolala. Inachoma macho, inafunga kifua. Gesi hiyohiyo ndiyo wanajeshi wa Ujerumani walioifungulia juu ya wenzao huko Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Kitu ambacho mataifa yalikitumia kama silaha, sisi tunakitengeneza chooni kwa kutojua.

Njia ya tatu ni mkojo. Ndiyo, mkojo. Mkojo una amonia. Ukimwaga kloro kali ndani ya choo kinachotumiwa na watu mia, choo kilichojaa mkojo, inatoka gesi nyingine inayochoma kifua vilevile. Vijana wanaojitolea kusafisha vyoo vya wahami wanafanya kazi hiyo mara nyingi bila kinyago, bila glavu na bila mtu wa kuwaeleza. Tunawapigia makofi kwa moyo wao, kisha tunawaacha wakikohoa.

Njia ya nne ni moto. Unga wa HTH hauwaki wenyewe, lakini unalisha moto vikali. Ukikutana na petroli, mafuta ya freni, mafuta ya kupikia au hata takataka, unaweza kuanzisha moto bila kiberiti. Sasa tazameni meza zetu za barabarani: hapa kuna wauza petroli wa chupa, wale tunaowaita kadafi, na hatua mbili kando yao kuna mauzo ya visashe vya unga mweupe. Mvua ikinyesha, unga unaponyonya unyevu unaanza kutoa gesi polepole ndani ya chombo kilichofungwa, mpaka kifuniko kinaruka.

Njia ya tano ni kazi ya pisini yenyewe. Kijana anaitwa kwenye nyumba ya mwenye mali au kwenye hoteli, anapewa ndoo na fagio. Anamwagia maji juu ya unga badala ya kutia unga ndani ya maji mengi, na ule unga unachemka na kumrukia usoni. Au anatumia kikombe kilekile kupima kloro na kupima asidi ya kurekebisha maji ya pisini. Akiugua anaambiwa ana mafua. Huyo hana mkataba wala bima, na mshahara wake wa mwezi hautoshi kulipa siku tatu za hospitali.

Kwa wanaosema: "Basi tuache kloro kabisa"

Hapana, ndugu zangu. Sisi ni watu wa pwani ya ziwa ambalo kolera imelifanya nyumba yake tangu miaka ya 1970. Mwaka 2015, watafiti wa chuo kimoja cha afya cha London walichapisha katika jarida la PLoS Medicine hesabu iliyofanywa hapa hapa Uvira. Walilinganisha maji yaliyotolewa na Regideso na wagonjwa walioingia kituo cha kolera kwa miaka mitano hivi, kuanzia 2009. Waliona kwamba baada ya siku isiyo na maji ya bomba, wagonjwa wa kushukiwa kolera waliongezeka kwa asilimia 155 katika siku 12 zilizofuata. Walikadiria pia kwamba karibu robo ya wagonjwa wote walitokana na upungufu wa maji ya bomba. Someni tena: robo. Si uchawi, si hewa mbaya. Ni robine iliyokauka.

Na tunajua ni nini hukausha robine. Umeme ukikatika, pampu inasimama. Aprili 2020 mto Mulongwe ulipofurika, uliua watu makumi, ukabomoa nyumba kwa maelfu na kuharibu mitambo ya maji ya mji. Vita vikija, mafundi wanakimbia kama sisi sote.

Wazee wetu wanakumbuka na Goma ya Julai 1994. Wakimbizi kutoka Rwanda waliingia kwa mamia ya maelfu ndani ya siku chache, wakanywa maji ya ziwa Kivu yasiyo na dawa. Inakadiriwa kwamba watu 50,000 hivi walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kolera na kuhara damu. Hivyo ndivyo mji ulivyo bila maji yenye kloro. Anayemwambia mhami aache dawa ya maji anamrudisha huko.

Kwa hiyo wasiwasi wetu usielekezwe kwa kloro. Uelekezwe kwa anayekuuzia nguvu ya asilimia 70 ndani ya kisashe ambacho zamani kilikuwa cha chumvi.

Kwa wanaosema: "Huyo mtoto amelogwa"

Hapa kwetu kila mtu analijua neno karuho. Mtu akitapika, akikonda, akilalamika koo, hata kabla hajafika kituo cha afya, jamaa wameshaanza kuhesabu majirani: alikula kwa nani, nani alimpa kikombe, mjane gani alimtazama vibaya. Mji umeona wanawake wazee wakipigwa na hata kuuawa kwa neno hilo. Mimi sitabishana leo na mtu juu ya imani yake. Ninauliza swali moja tu. Kabla hujaenda mlangoni kwa jirani na mawe mkononi, umetazama chini ya meza yako mwenyewe? Umenusa ile chupa? Umemwuliza mkubwa wa watoto ni nani aliyetia nini ndani ya bidoni asubuhi?

Ni aibu kubwa kwamba tuko tayari kumchoma mama mzee kwa sumu ambayo hakuna aliyeiona, na wakati huohuo tunampita kila siku muuzaji wa sumu inayoonekana, inayonuka, iliyopangwa mezani kwa bei ya soko. Hasira tunayo, lakini tumeielekeza kwa mnyonge.

Kwa wanaosema: "Ni umaskini, waache watu watafute"

Neno hili ninaliheshimu, kwa sababu ni la kweli kwa nusu. Mama anayeuza visashe si adui. Ana watoto, amekimbia mara mbili au tatu, na anauza kinachouzika. Mnunuzi naye ananunua kisashe kwa sababu hana pesa ya chupa yenye lebo, na kwa sababu ugawaji wa vidonge ulikwisha mwezi uliopita.

Lakini tuulize: huo unga umefikaje mezani kwake? Ndoo za kilo 45 hazibebwi na mama mwenye kikapu. Kuna aliyeileta ndoo, kuna aliyeifungua, kuna aliyeuza kwa jumla akijua kwamba lebo itabaki kwake na hatari itaenda kwa mwingine. Kama unga huo umetoka kwenye bohari ya msaada, basi umeibwa kwa wagonjwa. Kama umenunuliwa kwa ajili ya pisini, basi ubaki kwenye pisini. Umaskini unaeleza kwa nini mama anauza, lakini haumwondolei lawama tajiri anayemkabidhi mzigo bila neno hata moja la onyo.

Na tusidanganyane kwamba sumu rahisi ni msaada kwa maskini. Siku tatu za hospitali, usafiri wa pikipiki usiku na dawa za kununua nje vinakula biashara yote ya mwaka. Maskini ndiye anayelipa bei kubwa kwa kila kitu cha rahisi.

Kwa wanaosema: "Weka lebo, basi imekwisha"

Lebo ni mwanzo, na tunaidai. Lakini tazameni nchi ambazo zina lebo, zina sheria na zina wakaguzi. Marekani peke yake, watu wapatao 4,500 kila mwaka wanafikishwa hospitali kwa dharura kwa sababu ya dawa za pisini, na zaidi ya theluthi yao ni watoto na vijana. Tarehe 29 Septemba 2024, huko Conyers, jimbo la Georgia, bohari ya kiwanda cha dawa za pisini ilishika moto baada ya maji ya mitambo ya kuzimia moto kulowesha dawa. Watu wapatao 17,000 waliondolewa majumbani, na wengine wapatao 90,000 waliambiwa wafunge milango na madirisha. Tarehe 27 Juni 2022, kwenye bandari ya Aqaba, Yordani, tangi la gesi ya kloro lilidondoka kutoka kwenye krini; watu 13 walikufa na zaidi ya 250 waliumia.

Hao wana zimamoto. Wana magari ya wagonjwa yenye oksijeni. Wana telefone ya kupiga ambapo mtaalamu wa sumu anajibu saa yoyote. Na bado inawapata. Sisi ambao tuna kadafi upande huu na kisashe upande ule tutasema nini?

Funzo ni hili: kloro yenye nguvu kubwa haifai kukaa ndani ya nyumba ya mtu. Mahali pake ni kwenye mtambo wa maji, mikononi mwa fundi aliyefundishwa, ambaye anaweka kipimo mara moja kwa maelfu ya watu. Au ni kwenye vile vituo vya kando ya ziwa ambapo kijana mwenye bomba la sindano anatia mililita chache za kloro iliyokwisha kupunguzwa ndani ya kila bidoni inayopita. Nyumbani ibaki kidonge kilichopimwa au chupa ndogo yenye maandishi. Kila tunapomwachia mama wa watoto sita kazi ya mkemia, tumekubali kwamba mji hauna mamlaka ya maji.

Na haki hiyo si zawadi. Katiba ya nchi yetu ya 2006, kifungu cha 48, inasema kwamba haki ya kupata maji ya kunywa inahakikishwa. Haisemi "isipokuwa Kilibula". Haisemi "isipokuwa wahami". Wala haibadiliki kwa sababu bendera ya ofisini imebadilika au mkubwa mpya amekaa kwenye kiti. Yeyote anayekusanya kodi ya soko katika mji huu anadaiwa maji na watu wa soko hilo.

Tunadai nini

Kwa wauzaji wa jumla: acheni kufungua ndoo za unga na kuzigawa kwa kijiko. Mnajua kilicho ndani, kwa sababu ninyi ndio mnaoona lebo. Mtu akiunguzwa na mzigo wenu, ninyi ndio wa kwanza kuulizwa.

Kwa OCC, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa, na kwa wakuu wa soko: mnapita mezani kila siku kukusanya karatasi na franka. Piteni siku moja kukusanya chupa za vinywaji zenye javeli. Mama mwenye meza asipigwe wala asinyang'anywe mtaji wake wote. Apewe nafasi ya kuuza bidhaa yenye lebo. Mshikeni aliyemletea.

Kwa zoni ya afya na mashirika: mkigawa vidonge, gaweni na maneno, kwa Kiswahili, Kifuliiru, Kivira na Kibembe, si karatasi ya Kifaransa pekee. Mkileta unga wa HTH, hesabuni ndoo zinazoingia na zinazotoka, na mziharibu ndoo tupu au kuzitoboa, kwa sababu ndoo hizo zinageuka vyombo vya kuhifadhia maji ya kunywa na unga. Na vijana wanaopulizia vyoo wapewe glavu, kinyago na buti kabla ya kupewa pampu.

Kwa wenye hoteli na wenye pisini: yule kijana ni mtoto wa mtu. Mfundisheni, mvalisheni, mweke unga na asidi katika vyumba viwili tofauti vyenye hewa. Kama hamwezi hayo, kausheni pisini. Katika mji ambao watu wanapanga foleni usiku kwa bidoni moja, hakuna atakayelia kwa ajili ya pisini iliyokauka.

Kwa wakuu wa kartie, wachungaji, maimamu na walimu: dakika tano baada ya ibada zinatosha. Semeni maneno mawili tu: kloro haichanganywi na kitu chochote isipokuwa maji, na haiwekwi kamwe ndani ya chupa ya kinywaji.

Na kwa Regideso na wote wanaoisaidia: umeme wa pampu, dawa ya mtambo na mshahara wa fundi ndiyo ulinzi wa kwanza dhidi ya kolera na dhidi ya kisashe. Robine ikitoa maji kila siku, hakuna atakayenunua unga usio na jina. Biashara hiyo itakufa yenyewe bila polisi.

Wakati tunangoja, fanyeni hivi

Kloro kwa maji ya kunywa: tumieni kidonge kilichoandikwa ni cha lita ngapi, au chukueni maji kwenye kituo cha kloro. Maji yakiwa na tope, yachujeni kwanza kwa kitambaa safi. Ngojeni dakika 30 kabla ya kunywa. Harufu ndogo ya kloro ni ya kawaida na haina ubaya. Kama inachoma pua, msinywe.

Mtoto akinywa kloro au javeli: msimtapishe, kwa sababu kinachorudi kinaunguza mara ya pili na kinaweza kuingia mapafuni. Msimpe mafuta ya mawese, wala ndimu. Msuuzeni kinywa, mpeni maji kidogo kidogo kama anaweza kumeza, na mwende kituo cha afya mara moja. Bebeni ile chupa au kile kisashe mkamwonyeshe muuguzi.

Ikiingia machoni au kwenye ngozi: osheni kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, na vueni nguo zilizolowa. Maji ya ziwa ni bora kuliko kungoja maji safi.

Gesi ikitoka: tokeni nje haraka, pandeni sehemu ya juu, mkiuelekea upepo, kwa sababu gesi hiyo inatelemka chini. Msirudi kuchukua vitu. Aliyevuta gesi akae wima, asilale chali, na atazamwe mpaka kesho yake hata kama anasema amepona. Pumzi inaweza kubana saa nyingi baadaye, hasa kwa mwenye pumu.

Ndugu zangu wa Kilibula, na ninyi mlioikimbia Kilibula na mnaiota kila usiku: vita hatukuvianzisha sisi, na kuvimaliza hakuko mikononi mwetu. Mvua nayo hatuitawali. Lakini chupa ya Fanta yenye javeli tunaijaza sisi, tunaiuza sisi na tunaiweka chini ya meza sisi. Hili tunaweza kulimaliza wenyewe, bila kungoja Kinshasa wala Geneva. Leo jioni, kabla watoto hawajalala, inameni mtazame chini ya meza. Ile chupa isiyo na jina, itoeni.